Binti Akitaka Uuguzi wa Dharura: Tuitazame Kanduyi

Jina la Kanduyi wengi wetu huku Pwani tulilisikia vyema tarehe 1 Juni 2024, Sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Masinde Muliro. Madereva wetu wa malori walikuwa wakilijua tangu zamani. Shehena inayopakiwa Kilindini kwenda Uganda hupita Nairobi, Nakuru, Eldoret na Webuye, kisha hufika njia panda ya Kanduyi, kilomita chache kutoka mji wa Bungoma, kabla ya kuikabili Malaba. Barabara inayokata hapo kuingia mjini huendelea hadi Mumias, ambako misafara ya Waswahili wa karne ya 19 ilikuwa ikipumzika kwa Nabongo Mumia, na ambako Uislamu ulifika pamoja na wageni hao. Basi pahala hapo si pageni kwetu kama ramani inavyodai.

Kuna sababu ya pili ya kupazungumzia katika jarida la familia. Nafasi za Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, siku hizi huombwa kupitia bodi ya KUCCPS, na binti wa Kisauni au Lunga Lunga anaweza kujikuta amepangiwa kampasi ya Bungoma, Webuye au Kitale. Barua ikifika nyumbani, furaha huja pamoja na maswali. Je, kazi hii ina heshima? Ina usalama? Atafika wapi nayo? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa upande mmoja tu wa uuguzi, nao ni ule wa dharura, kwa kuwa ndio ulio mgumu zaidi na ndio tunaoukuta sote siku tusiyoitarajia.

Mlangoni pa kazualti

Njia panda yenye malori, matatu na bodaboda haikosi ajali. Majeruhi wa Kanduyi aghlabu hukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma, na anayewapokea mlangoni si daktari. Ni muuguzi.

Mgonjwa anapoingizwa, awe juu ya machela au amepakatwa kwenye pikipiki baina ya dereva na jamaa yake, muuguzi wa zamu ana dakika chache mno za kuamua nani atazamwe sasa na nani anaweza kungoja. Hesabu yake haiangalii nani ametangulia kufika, wala nani amekuja na gari, wala nani analia kwa sauti kubwa. Anayelia ana pumzi. Anayetisha ni yule aliyenyamaza.

Mfumo mmoja unaojulikana sana barani ulianza kutungwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2004. Muuguzi hupima upumuaji, mpigo wa moyo, presha na joto. Hutazama kama mgonjwa aweza kutembea, kama ana fahamu zake, na kama ameumia. Kila kipimo kina alama, na jumla ya alama humpa mgonjwa rangi. Mwekundu hushughulikiwa papo hapo. Rangi ya machungwa ni ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, na wa kijani aweza kungoja hata saa nne. Zipo hospitali zinazotumia mifumo mingine, lakini mantiki ni hiyo hiyo. Jamaa wa mgonjwa wa kijani ndio wanaofoka mara nyingi, na si ajabu, kwani pengine hakuna aliyewaeleza kwa nini aliyekuja nyuma yao ametangulizwa.

Baada ya kupanga huja kazi ya mikono: kufungua njia ya hewa, kukandamiza jeraha linalovuja, kutia dripu, kuweka oksijeni, kumwita afisa wa kliniki au daktari, na kuandika kila kitu kwa saa na dakika. Mgonjwa aliyeumia kichwa huenda akahitaji kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo wa karibu kilomita 100. Ndani ya ambulensi, anayekaa ubavuni mwake akiitazama pumzi yake njia nzima mara nyingi ni muuguzi.

Neno dharura tumelirithi kutoka Kiarabu, na waliokaa darsani wanaujua uzito wake katika fiqhi, kwamba ni hali inayobadilisha hukumu ya mambo. Katika sheria ya nchi nako lina uzito. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imelitia nguvu jambo hilo. Katiba haikusema mwenye fedha wala mwenye bima. Imesema mtu. Lakini anayetakiwa kuitekeleza ahadi hiyo saa nane za usiku ni yule muuguzi mmoja au wawili walio zamu, kwa vifaa walivyoachiwa na zamu iliyotangulia.

Kesi iliyotoka Bungoma

Agosti 2013 mama mmoja aliingia katika hospitali hiyo ya Bungoma kujifungua. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu Rais atangaze, tarehe 1 Juni mwaka huo, kwamba huduma za uzazi katika hospitali za umma zitakuwa bila malipo. Akina mama waliitikia wito. Vitanda havikuongezeka kwa tangazo. Mama huyo alilala kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, na ilimbidi anunue mwenyewe pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipomkaza aliambiwa aende kwa miguu hadi chumba cha kuzalia. Huko vitanda vilikuwa vimejaa. Akirejea, akaanguka ukumbini, akapoteza fahamu, akajifungua sakafuni. Alipozindukana alikuta wauguzi wakimpiga makofi na kumfokea. Tukio hilo lilirekodiwa na simu, na nchi nzima ikaja kuliona.

Alikwenda mahakamani. Tarehe 22 Machi 2018, katika Mahakama Kuu ya Bungoma, Jaji Abida Ali-Aroni alitoa hukumu kwamba haki za mama huyo za kuheshimiwa utu wake, kupata afya, na kutotendewa ukatili zilivunjwa. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Hapo ndipo wengi wanapoishia kuisimulia kesi hii, na wakiisimulia hivyo hubaki na funzo moja tu, kwamba manesi ni wakatili. Lakini hukumu haikuishia kwa wauguzi. Mahakama iliona pia kwamba serikali ya kitaifa na ile ya kaunti zilishindwa kutenga rasilimali za kutosha na kusimamia viwango vya huduma waliyoitangaza wenyewe. Kwa maneno mengine, kofi lilipigwa na mkono wa muuguzi, lakini ule uhaba wa vitanda, ile pamba ya kununuliwa dukani na ile safari ya miguu ukumbini havikuwa kazi ya muuguzi.

Mwandishi wa makala haya haoni kuwa jambo moja linalifuta jingine. Uchovu na uhaba vinaweza kueleza kwa nini mtu mwema alifikia kumpiga mgonjwa. Haviwezi kulihalalisha tendo lile. Na kinyume chake pia ni kweli, kwani kumfukuza muuguzi mkali na kumweka mpole katika chumba kile kile, chenye vitanda vile vile, ni kumsubiri huyo mpole naye aishiwe. Binti anayeingia katika kazi hii anapaswa kuyajua yote mawili kabla hajavaa sare. Sisi wengine, tunaompeleka mgonjwa na kungoja nje, twapaswa kujua lawama zetu tuzipeleke wapi.

Hali ya kazi ilivyo

Tangu mwaka 2013 hospitali za umma, ukitoa zile kuu za kitaifa, zimekuwa mikononi mwa kaunti. Mwajiri wa muuguzi wa Bungoma ni kaunti yake, na uhusiano baina ya wawili hao haujawa mtulivu. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba, miezi mitano, wakidai mkataba wa mishahara na marupurupu yao utekelezwe. Hakuna aliyeshinda katika miezi ile. Waliozaa nyumbani walizaa nyumbani, na waliokosa mishahara walikosa.

Kisha likaja suala la kandarasi. Mwaka 2020 maelfu ya wahudumu wa afya, wauguzi wakiwamo, waliajiriwa kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa afya kwa wote. Mwaka 2025 walikuwa bado wamepiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Kwa hiyo familia inayoambiwa kwamba binti amepata kazi na iulize mara ya pili: ni ajira ya kudumu yenye pensheni, au ni kandarasi? Tofauti hiyo huonekana mtu anapotaka mkopo, anapokwenda likizo ya uzazi, na anapougua.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2025 kuhusu uuguzi, lilikadiria kwamba dunia ina wauguzi takriban milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8. Kenya ina kioja chake katika hesabu hiyo. Wadi hazina wauguzi wa kutosha, na huku majumbani wamo wauguzi waliosajiliwa wasiokuwa na kazi. Wanaofundishwa wapo. Fungu la fedha za kuwaajiri ndilo lisilotosha.

Hatari nyingine ni za mwili. Sindano iliyomchoma mgonjwa inaweza kumchoma na muuguzi, hasa penye haraka. Likitokea hilo, asilionee haya wala asingoje zamu iishe: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Kuna na hatari ya jamaa wa mgonjwa. Msiba unapoingia kazualti, hasira hutafuta mtu wa karibu, naye wa karibu ni mwenye sare. Hospitali yenye mlinzi mlangoni pa kazualti na kanuni ya kuingiza jamaa mmoja tu humlinda muuguzi kuliko mabango yote ya kuomba heshima.

Haya yote hayakuandikwa ili kumtisha mtu. Yapo mambo yanayoonyesha kwamba mikono ya muuguzi ikipewa kitu, matokeo hubadilika upesi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, juu ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Aliwekewa chini yake kitambaa cha plastiki chenye mfuko na mistari ya kupimia, ili damu ihesabiwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikifika mstari uliowekwa, matibabu yote hutolewa kwa mkupuo: kusuguliwa tumbo la uzazi, dawa, dripu, uchunguzi, na kuitwa msaada. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine ya mamilioni iliyonunuliwa. Wakunga na wauguzi walipewa kipimo, wakafunzwa, na wakaruhusiwa kuanza bila kungoja.

Njia ya masomo

Anayemaliza kidato cha nne aweza kuingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, ambayo hutolewa na KMTC. Wastani unaotakiwa katika mtihani wa KCSE ni C, pamoja na alama nzuri katika Biolojia na lugha. Huku kwetu kozi hiyo hupatikana katika kampasi kadhaa za Pwani. Mlango wa pili ni shahada, miaka minne ya chuo kikuu na mwaka wa mafunzo kazini, kwa mwenye wastani wa C+ na kuendelea. Pwani kuna Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Magharibi kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Milango yote miwili hupitia Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo hutoa mtihani, usajili na leseni. Asiye na leseni hiyo si muuguzi kisheria, hata awe amesoma wapi.

Katika utumishi wa umma mwenye stashahada huanzia daraja la H na mwenye shahada daraja la K. Tofauti hiyo si ndogo kwa mshahara, ndiyo maana wengi wenye stashahada hurudi chuoni baadaye. Vyuo vikuu kadhaa, Aga Khan kikiwamo, vina masomo ya kuwapandisha walio kazini hadi shahada.

Dharura yenyewe huja baada ya hapo. Muuguzi aliyefanya kazi kwa muda aweza kusomea stashahada ya juu ya uuguzi wa ajali na dharura, au ile ya wagonjwa mahututi, kwa mwaka mmoja hivi. Kwa anayetaka kuanza na kidogo, Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wametunga kozi fupi ya siku chache ya huduma ya msingi ya dharura, inayofundisha namna ya kumkabili mgonjwa wa pumzi, wa mshtuko, wa ajali na aliyepoteza fahamu. Ni kozi ya kuitafuta hata kabla ya kuambiwa. Tanzania inafaa kutazamwa hapa: Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na tangu hapo imekuwa ikifundisha madaktari na wauguzi wa fani hiyo. Ambapo idara ipo, ngazi ya kupanda nayo hupatikana. Ambapo kazualti ni chumba tu cha kupitia, muuguzi hodari huhamishiwa wadi nyingine punde anapoanza kuizoea kazi, na ujuzi wake hupotea. Hilo ni jambo la kuwauliza wakubwa wa kaunti zetu.

Sitara, usiku na nyumba

Wazazi wengi huuliza habari ya hijabu kabla ya kuuliza habari ya mshahara, nao wana haki. Kwa kawaida mtandio mfupi uliobanwa ndani ya sare, usioning'inia juu ya kidonda, haumzuii mtu kufanya kazi. Mikono mirefu ndiyo yenye mjadala, kwa sababu ya usafi: mkono lazima uoshwe hadi juu ya kifundo kila baada ya mgonjwa. Uingereza, mwongozo wa wizara ya afya wa mwaka 2010 uliruhusu mikono ya kuvaa na kutupa, yenye mpira kifundoni na kiwikoni. Binti aulize mapema chuoni kanuni ikoje, na aulize kwa adabu na kwa maandishi, asingoje kuzozana siku ya kwanza wadini.

Ama kumhudumia mwanamume, katika kazualti hakuna nafasi ya kuchagua, na wanaojua historia yetu hawatashangaa. Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi katika hema lililowekwa msikitini Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kwake.

Usiku ni mtihani mwingine. Zamu huisha asubuhi, na dada huyo anarudi nyumbani akiwa amesimama usiku kucha. Wanaomngoja wanataka chai. Mume au mama mkwe anayemwacha alale hadi adhuhuri, watoto wakiwa wameshapelekwa skuli, amemsaidia pia mgonjwa atakayefika kazualti usiku unaofuata. Katika Ramadhani ni vyema zamu zipangwe kwa kupokezana na wenzake wasiofunga, naye awalipe fadhila yao kwa kushika zamu ya Krismasi. Desturi hiyo ni ya kale katika hospitali zenye mchanganyiko wa dini, na huleta mapenzi.

Kabla ya kufunga mkoba

Wapo watakaotaka kwenda ng'ambo. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi, na tangu Novemba mwaka huo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuchukua wauguzi wa Kenya ila kwa kufuata makubaliano hayo. Wakala anayesema ana njia yake ya pembeni aogopwe. Ghuba nako hutaka vyeti vihakikiwe, mtihani ufanywe, na kwa kawaida tajiriba ya miaka kadhaa wadini, ambayo kazualti ya kaunti huitoa kwa wingi. Mkataba uandikwe jina la hospitali, cheo, saa za kazi na mshahara, na wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba usiotaja hospitali haufai kutiwa saini, hata mwenye kuuleta awe jirani.

Kwa anayeanza, jambo moja la haraka. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa mara tatu, na ya tatu huja miezi sita baada ya ya kwanza. Binti aliyepata barua ya KMTC leo aanze wiki hii, ili siku ya kuingia wadini, iwe Bungoma au Msambweni, awe amemaliza au anakaribia kumaliza. Kadi yake aihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwani ataulizwa.